Visima Elfu Tatu vya Chilonje

Naomba ieleweke mapema: nchi ninayoisimulia haipo. Ina bendera, ina wimbo, ina wizara arobaini na mbili na naibu mawaziri wasiohesabika, lakini haipo. Ukiona inafanana na nchi unayoijua wewe, basi kosa ni la hiyo nchi yako.

Katika nchi hii isiyokuwepo kuna sheria moja nzuri kuliko zote. Inaitwa Sheria ya Uzoefu, nayo inasema hivi: mtu hataajiriwa bila kuwa na uzoefu, na hatapata uzoefu bila kuajiriwa. Waliotunga walipewa nishani, kwa kuwa ndiyo sheria pekee nchini iliyowahi kutekelezwa kwa asilimia mia. Vijana walipoanza kunung'unika, serikali sikivu ikabuni fildi.

Fildi ni mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi wa chuo kikuu hupelekwa ofisini kwa wiki nane akaone kazi inavyofanywa. Anapewa daftari la kijani. Kila ukurasa ni siku moja, na kila siku ina mambo mawili ya kujaza: "Kazi niliyofanya leo" na "Nilichojifunza leo". Chini pana mstari wa sahihi ya msimamizi. Daftari lisilosainiwa halina alama, asiye na alama hapewi shahada, na asiye na shahada hahesabiwi hata miongoni mwa wasio na kazi.

Nayajua haya vizuri kwa sababu mimi mwenyewe niko fildi. Naitwa Mansweti Kilemile. Nilikuja Idara ya Visima na Matarajio kwa wiki nane, na sasa naingia mwaka wa ishirini na tatu. Msimamizi wangu alipandishwa cheo kabla hajasaini ukurasa wa mwisho. Aliyemfuata akasema hawezi kusaini kazi ambayo hakuishuhudia. Aliyemfuata huyo akaniuliza mimi ni nani. Sikutaka fujo, nikakaa nikasubiri. Wanafunzi wananiita Kaka Mkubwa, na ndimi ninayewapokea, yaani nawaonyesha birika lilipo.

*

Idara yetu ina watumishi sitini, wote wachapakazi. Kila asubuhi wanakuja, wanatundika makoti kwenye migongo ya viti, kisha wanakwenda kwenye shughuli zao. Makoti yanabaki kazini mpaka saa tisa na nusu alasiri. Nimewahi kuona koti likipandishwa daraja.

Kazi nyingine ndogondogo hufanywa na wanafunzi wa fildi. Wanachapa barua, wanapokea barua walizochapa, wanazijibu. Wanapeleka watoto wa Mkurugenzi kunyolewa. Wanaosha mtambo wa kuchimbia visima kila Ijumaa. Mtambo huo uko uani juu ya matofali tangu magurudumu yake yalipoteuliwa kwenda kuhudumu kwenye gari la Mkurugenzi, na kuku wa mlinzi wanautagia kwa amani.

Sasa, mtu hawezi kuandika kwenye daftari la serikali kwamba leo alimpeleka mtoto wa bosi kinyozi. Ndiyo maana tuna Daftari Mama.

Daftari Mama liko kwenye droo yangu, nimelifunga kwa nailoni lisiingie vumbi. Ni daftari la fildi la wiki nane kamili, lenye kazi ngumu na mafunzo ya kutosha. Kila mwanafunzi anayekuja analinakili neno kwa neno, kila mkurugenzi anasaini, na kila daftari linapelekwa wizarani kuhesabiwa. Limewafikisha watu mbali. Nikitembea mjini nawaona mabosi kwa majina, nami najua wiki ya pili, Jumanne, walisema walijifunza nini.

Kuna athari kidogo, sikatai. Jumatano ya wiki ya tatu Daftari Mama linasema: "Leo mvua kubwa imenyesha, hatukutoka." Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo nayo inaheshimu maandishi, hutangaza mvua kubwa Jumatano hiyo kila awamu, na wananchi wazalendo hutembea na miavuli juani. Na Alhamisi ya wiki ya sita linasema: "Leo tumechimba kisima Kijiji cha Chilonje. Maji yametoka na wananchi wameshangilia."

Kila mwanafunzi aliandika hivyo. Kila kisima kikahesabiwa. Mpaka mwaka jana, kwa takwimu rasmi, Chilonje ilikuwa na visima elfu tatu mia moja na kumi na saba, ikawa kijiji chenye maji mengi kuliko vyote duniani. Kijiji kilipoandika kuomba maji, serikali iliingiwa na huruma ikawapelekea maboya mia mbili, mtumbwi mmoja na mwalimu wa kuogelea.

*

Kidawa Mshangama alifika Jumatatu, mmoja kati ya arobaini na saba wa awamu hiyo. Msichana mwembamba, mwenye kuangalia watu usoni, jambo ambalo ofisini kwetu si desturi.

"Shikamoo, Kaka Mkubwa."

"Marahaba, binti. Umesomea nini?"

"Uhandisi wa maji."

"Vizuri sana. Birika lile pale."

Akacheka. Sikukielewa kile kicheko, maana mimi sikuwa natania. Akachemsha chai, akagawa, akaosha vikombe, kisha akafanya jambo ambalo katika miaka yangu yote sikuwahi kuliona. Akafungua daftari lake akaandika kwamba amechemsha chai.

Ijumaa aliingia kwa Mkurugenzi kusainiwa. Mkurugenzi wetu, Bwana Fulgensi Makombe, husaini huku anatazama televisheni, na siku hiyo angesaini kama kawaida. Lakini Kidawa alimwambia, "Samahani, mheshimiwa, naomba nikusomee kwanza usije ukasaini usilolijua," akaanza kusoma, mimi nikiwa mlangoni na sinia.

"Jumatatu. Kazi niliyofanya leo: nimechemsha chai. Nilichojifunza: Mkurugenzi anaweka vijiko saba vya sukari, na daktari alimruhusu kimoja. Jumanne. Kazi: nimempeleka Mkurugenzi Mdogo kunyolewa. Nilichojifunza: mtoto anang'ata. Jumatano. Kazi: nimeuliza mtambo unafanyaje kazi. Nilichojifunza: nisiulize."

Mkurugenzi akazima televisheni. Hilo nalo lilikuwa la kwanza.

"Binti," alisema, akasimama, maana hutubia akiwa amesimama hata kama yuko peke yake, "daftari hili si mali yako. Ni waraka wa taifa. Taifa linajengwa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hujengwa kwa nidhamu, na nidhamu, binti yangu, haina vijiko vya sukari. Unataka kizazi kijacho kisome hivi?"

"Nataka wewe usome, mheshimiwa."

"Kaka Mkubwa hajakuonyesha Daftari Mama?"

Kwa kweli nilikuwa sijamwonyesha. Nililaumiwa, nikaomba radhi, na siku hiyohiyo nikamfungulia nailoni.

*

Alilisoma akiwa amesimama kando ya meza yangu, akigeuza kurasa upesiupesi huku anatabasamu. Alipofika wiki ya sita tabasamu likamtoka. Akavuta kiti akakaa.

"Kaka Mkubwa, hiki kisima alikichimba nani?"

"Wanafunzi. Vizazi na vizazi vya wanafunzi."

"Ulishakiona?"

"Si lazima nikione. Kimesainiwa."

"Mimi nimezaliwa Chilonje," akasema.

Akanieleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Mama yake ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Maji ya kijiji kwa mwaka wa kumi na moja sasa, kamati ambayo haijawahi kuona maji. Kutoka kwao mpaka mtoni ni mwendo wa saa mbili kwenda, na kurudi ni zaidi kwa sababu ya ndoo. Kiangazi mto unabaki madimbwi, wanayagombea na ng'ombe. Mtumbwi wa serikali wanahifadhia mahindi. Mwalimu wa kuogelea alioa palepale, sasa analima mtama. Kila mwaka mama yake huandika barua kuomba kisima kimoja, na kila mwaka hujibiwa kwamba kijiji chake kina visima kuliko wilaya nne zikijumlishwa. Safari ya mwisho wakaongeza: aache uroho.

"Hilo neno uroho," Kidawa alisema, "mama alilia siku nzima. Si mtu wa kulia."

Barua ile niliichapa mimi. Neno "uroho" halikuwemo kwenye rasimu, nililiongeza mwenyewe nikiona sentensi imepwaya. Niliona aibu, msomaji, aibu ya kukosa mahali pa kuweka mikono.

Na kwa kuwa aibu ikishaingia huwa haiji peke yake, nikamwambia na lililobaki. Daftari Mama halikushuka kutoka mbinguni. Ni langu. Ni daftari langu la fildi, la wiki zangu nane za kwanza. Alhamisi ile ya wiki ya sita nilikuwa nimechemsha chai siku ya ishirini na tisa mfululizo, nikachoka kuandika vitu vidogo, nikaandika kitu ambacho ningetamani niwe nimekifanya. Jina la kijiji nililisoma kwenye ramani ya ukutani. Chilonje ndiyo iliyokuwa karibu na kidole changu.

Nilingoja anitukane. Akalifunika Daftari Mama, akalifunga na nailoni yake vizuri, akanirudishia.

"Umekichimba kwa kalamu," akasema, "utakifukia kwa kalamu."

Sikujua anamaanisha nini. Nikaenda kuchemsha chai, maana yeye alikuwa amegoma.

*

Wiki zikaenda. Kidawa aliendelea kuandika aliyoyafanya, na Mkurugenzi akaendelea kutosaini. Wanafunzi wengine walikuwa wakimcheka pembeni. Wengi walikuwa wameshanakili mpaka wiki ya nane na walikuwa wanasubiri tu tarehe ziwafikie. Lakini kicheko chao kilianza kupungua. Siku moja nilimkuta kijana mmoja amefuta "nimeshiriki kikao cha mipango" na juu yake ameandika "nimefua mapazia". Nikajifanya sijaona.

Ikafika Alhamisi ya wiki ya sita. Asubuhi tu Kidawa aliandika hivi: "Leo sijachimba kisima Chilonje. Hakuna mtu aliyewahi kuchimba kisima Chilonje. Nilichojifunza: kijiji kinaweza kufa kiu kwa sahihi."

Mkurugenzi akaita chuo kikuu palepale.

Chuo kikamtuma Dakta Mwaipaja, mhadhiri anayekagua wanafunzi walio fildi. Ukaguzi wake ni wa kitaalamu: anakaa nusu saa, anakula nusu kuku, anatoa alama. Alikaa kwenye sofa, akalisoma daftari la Kidawa kurasa zote, akapangusa vidole.

"Kitaaluma, binti," alisema, "dai lolote linahitaji marejeo. Dai kwamba kisima kipo lina marejeo elfu tatu mia moja na kumi na saba, yote yamesainiwa. Dai lako kwamba hakipo lina marejeo mangapi?"

"Moja, dakta. Mama yangu."

"Mama yako amechapishwa wapi?"

"Hajachapishwa. Yuko Chilonje, mpigie simu. Lakini piga baada ya saa nne, sasa hivi yuko mtoni."

Dakta akaandika kitu kwenye fomu. Mkurugenzi akasimama, akarekebisha tai, nikajua inakuja hotuba, nikaweka sinia chini.

"Kidawa, mwanangu. Serikali haina kinyongo. Serikali ni mzazi. Ninachokuomba ni sentensi moja, moja tu, ambayo wenzako wote wameiandika na hakuna aliyeumwa hata kichwa. Andika kwamba umechimba. Nasaini kurasa zote hapahapa. Dakta anakupa alama ya juu. Ukimaliza chuo, kuna koti hapa ofisini halina mwenyewe. Ukikataa, unafeli fildi, na aliyefeli fildi hapati shahada. Miaka minne ya mama yako kukusomesha, puu! Chagua kwa hiari yako."

Kidawa aliangalia lile daftari. Usidhani hakuogopa. Mama yake alikuwa ameuza ng'ombe wote watatu, akabaki kubeba ndoo bila ng'ombe hata mmoja katika kijiji kisicho na kisima, ili yeye akae kwenye chumba kile akisubiri sahihi ile.

"Siandiki," akasema. "Nikiandika, mama anapata kisima cha elfu tatu mia moja na kumi na nane, na ndoo ni ileile. Nifelisheni."

*

Alipotoka, Mkurugenzi akaniambia nibaki. Akafungua kabati la chuma na kutoa daftari ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka ishirini na miwili: nakala safi ya daftari langu, ile niliyoikabidhi, kijani chake kimepauka. Akalifungua ukurasa wa mwisho, ule usio na sahihi. Akafungua kalamu ya wino.

"Mansweti," akasema. Hakuwahi kuniita jina. "Keshokutwa ni Siku ya Maendeleo. Madaftari yanakwenda kwa Waziri kama yalivyo, na wewe ndiye unayeyafunga. Mwandiko wako na wa yule binti unafanana, miandiko ya watu wa fildi yote inafanana. Futa upuuzi wake wa leo, weka sentensi, na daftari lake liwe la chini kabisa. Ukimaliza niletee, nami nasaini hapa. Utakuwa umehitimu."

Sitaki kujisifu kwa uongo. Nilichukua daftari la Kidawa, nikaenda mezani kwangu, nikakaa na kifutio mkononi kuanzia saa nane mchana mpaka makoti yalipoanza kuchukuliwa. Nilijiwazia na joho. Nina umri wa miaka arobaini na saba, mama yangu alifariki akiwaambia majirani kwamba mwanaye bado anasoma. Nilikitaka kile cheti. Bado nakitaka.

Kisha nikaisoma tena sentensi ya Kidawa, nikakuta haina mahali pa kuanza kufuta. Nikageuza kalamu nikaandika chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Nathibitisha. Kisima hicho nilikitunga mimi, Mansweti Kilemile, nikiwa nimechoka kuchemsha chai. Visima vyote vilivyofuata ni watoto wa uongo wangu. Wananchi wa Chilonje wanisamehe, na neno uroho nalifuta."

Nikayafunga madaftari arobaini na saba kwa kamba. La Kidawa nililiweka juu. Mkurugenzi aliponiuliza nikasema nimemaliza, sahihi ingoje sherehe ipite.

*

Siku ya Maendeleo ina utaratibu wake. Waziri huchukua daftari la juu kabisa na kulisoma mbele ya wageni waalikwa, na redio ya taifa inalirusha moja kwa moja nchi nzima, ili wananchi wasikie vijana wanavyojenga nchi. Utaratibu una kanuni mbili. Ya kwanza: Waziri hasomi kitu kabla, kwa kuwa Waziri tayari anajua kila kitu. Ya pili: Waziri hakosei, kwa hiyo hakatizi wala harudi nyuma. Akianza lazima amalize.

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi walipangwa safu za mbele, kwa kuwa wao ndio hupiga makofi. Mkurugenzi alikaa karibu na jukwaa, akanipungia mkono kwa tabasamu.

Waziri akafungua daftari. Ana sauti nzuri, nzito, ya kufungulia mikutano.

"Jumatatu!" akanguruma. "Kazi niliyofanya leo. Nimechemsha! Chai!"

Makofi. Watu walidhani ni fumbo la kiuchumi.

"Nilichojifunza! Mkurugenzi anaweka vijiko saba vya sukari..."

Makofi yakapungua. Waziri akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akakumbuka kanuni ya pili, akaendelea. Alisoma mtoto anayeng'ata. Alisoma magurudumu ya mtambo yako wapi. Alisoma makoti, koti moja moja, na jina la mwenye nalo. Jasho lilikuwa linamtoka, sauti ikibaki ileile ya makofi, maana hana nyingine. Mkurugenzi alikuwa amejifunika uso kwa ratiba ya sherehe. Na ikafika wiki ya sita, Waziri wa nchi isiyokuwepo akawatangazia wananchi wote, kwa sauti ya kufungulia mikutano, kwamba hakuna mtu aliyewahi kuchimba kisima Chilonje, na kwamba neno uroho linafutwa.

Alipofunga daftari hakuna aliyejua kama apige makofi au akimbie.

"Nani," Waziri aliuliza polepole, "ameandika hiki?"

"Mimi," akasema Kidawa, akasimama.

"Na mimi," nikasema. Nikasimama nami.

"Mnajua mmefanya nini? Katika ukumbi huu kuna makatibu, wakurugenzi, wahadhiri, wote wamepita fildi, wote wamekiandika kisima hicho. Mnataka kusema wote hawa ni waongo?"

"Sijasema, mheshimiwa," Kidawa alijibu. "Nauliza tu. Katika wote humu, aliyewahi kukiona kisima cha Chilonje kwa macho yake, anyooshe mkono."

Hakuna mkono. Dakta Mwaipaja aliangalia viatu vyake. Watumishi sitini, safari hii wamekuja na miili yao ndani ya makoti, walitia mikono mifukoni. Mkono wa Waziri mwenyewe ulianza kupanda kwa mazoea, ukafika usawa wa bega, ukaenda kukuna sikio. Alikuwa fildi kwetu, awamu ya mwaka wa tisa. Nilimwazima kalamu.

Redio ilirusha ule ukimya dakika nne nzima. Chilonje waliusikia. Mwalimu wa kuogelea aliniambia baadaye kwamba watu walitoka nje ya nyumba zao wakasimama, wakiisikiliza redio isiyosema kitu.

*

Neno la Waziri redioni ni tamko la serikali. Kwa hiyo Jumatatu yake visima elfu tatu mia moja na kumi na saba vilifutwa kwa barua moja, na Chilonje ikarudi kwenye sifuri, kijiji pekee nchini chenye takwimu ya kweli. Kidawa akauliza basi kisima kinachimbwa lini. Akajibiwa kwamba Chilonje sasa imeingia rasmi kwenye foleni, na foleni inatarajiwa kuifikia baada ya miaka thelathini na minane, fedha na matarajio vikiruhusu. Akajibiwa pia kwamba daftari lake litasainiwa akiandika ukurasa wa mwisho barua ya kuomba radhi.

"Kaka Mkubwa," akaniambia, "zimebaki wiki mbili za fildi. Nimechoka kufundishwa."

Mlango wa Mkurugenzi ulikuwa ukizuiwa usijifunge kwa mashine ya kupimia maji ardhini, mashine ya thamani, bado ina nailoni ya kiwandani. Kidawa aliinama akaichukua, akapita nayo katikati ya ofisi mchana kweupe. Mlango ukajifunga, Mkurugenzi akiwa ndani. Nyuma yake wakatoka wanafunzi arobaini na sita, wengine wameacha mapazia ndani ya ndoo. Nilitoka wa mwisho. Hakuna aliyebaki wa kuchemsha chai, na nasikia siku ile watumishi walikaa mpaka jioni wakingoja.

Chilonje ni mbali. Tulipofika, mama yake Kidawa alikuwa amesimama barabarani, mwanamke mrefu, kanga imefungwa kiunoni kwa kazi.

"Huyu ndiye aliyetuchimbia visima elfu tatu?" akauliza, akinitazama mimi.

"Ndiye mimi, mama. Nimekuja kuomba..."

"Shika sururu."

Kidawa alipima siku mbili, akaweka kigingi bondeni nyuma ya ghala la mtumbwi. Tulichimba kwa zamu, wanafunzi na wanakijiji, majembe, sururu na kamba. Mita ya nne tulikuta mwamba, watu wakasema tuhame. Kidawa akashuka mwenyewe shimoni na kusema mwamba huu utaondoka au yeye atakaa humohumo. Uliondoka siku ya tatu. Mikono yangu, iliyozoea sinia, ilichubuka mpaka nikala kwa kijiko. Sijawahi kulala usingizi mzuri kama ule.

Ijumaa ya mwisho ya wiki ya nane, mita ya kumi na moja, udongo uliopanda kwenye ndoo ulikuwa mweusi. Ndoo iliyofuata ilikuwa tope. Iliyofuata, mama yake Kidawa alitia mkono ndani, akautoa ukiwa unachuruzika, akautazama. Hakupiga vigelegele. Wengine walipiga, yeye aliketi chini palepale kwenye kifusi.

Kidawa akapanda kutoka shimoni, akaniomba daftari lake, nililokuwa nimelibeba tangu ofisini. Akaandika ukurasa wa mwisho, ule wa kuomba radhi: "Leo tumechimba kisima Chilonje. Maji yametoka." Kwenye "Nilichojifunza" hakuandika kitu. Akampelekea mama yake mstari wa sahihi.

"Mimi?" mama akauliza. "Msimamizi si Mkurugenzi?"

"Wewe ni Mwenyekiti wa Kamati ya Maji. Umeona kazi tangu mwanzo?"

"Nimeona."

"Basi saini."

Mama yake anajua kuandika, tena mwandiko mzuri, kwa barua kumi na moja naujua. Lakini mikono ilikuwa imelowa, kalamu ikamponyoka mara mbili. Akasonya, akachovya dole gumba kwenye tope la ndoo, akaligandamiza kwenye ule mstari mpaka likaacha alama hadi ukurasa wa nyuma.

Chuo kikuu kimeandika kwamba sahihi hiyo haitambuliki. Kidawa amewajibu kwamba mwenye dole yuko Chilonje, hatoki kwenda mtoni tena, kwa hiyo wanaweza kumkuta nyumbani saa yoyote, waje wamwambie wenyewe.